Mfumo wa maziwa wa Tukuyu: unauwekaje wazi ili na wengine wautumie

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Mimi niko Tukuyu, nimemaliza MUST (chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya). Nimetengeneza mfumo wa kurekodi maziwa kwenye kituo chetu cha kukusanyia, nimetumia Python (lugha ya kuandikia programu) na SQLite (databesi), karani anautumia tangu mwaka jana na sasa vituo vingine viwili vinautaka. Nimeona bora niuweke opensosi ila sijui pa kuanzia. Naogopa pia kuibiwa. Na maelezo niandike Kiswahili au Kiingereza? Na je lazima niwe na tovuti na logo?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, maana mfumo ambao karani anaufungua mwenyewe kila asubuhi bila kusukumwa ni kitu ambacho miradi mingi yenye mbwembwe huko mtandaoni haina. Nitakujibu kwa urefu, uwe na chai pembeni, na nitaanza na jambo ambalo hujaliuliza.

Hujasema hivyo vituo viwili vitaupataje. Mi nahisi mpango ni huu: utapanda bodaboda na flashi mfukoni, utawawekea mwenyewe, utawaelekeza nusu saa, alafu wakikwama wanakupigia. Vikiwa viwili utaweza. Vikifika kumi na Rungwe yote mvua inanyesha hutaweza. Kupandisha kodi ya programu (kodi namaanisha maandishi yenyewe ya programu) mtandaoni ni kazi ya dakika kumi, mtoto anaweza, ila kipimo changu mimi cha mradi kuwa wazi ni siku ambayo mtu wa Njombe au Mufindi asiyekujua kabisa anaushusha, anauwasha, anapokea maziwa asubuhi yake, na namba yako ya simu hana. Mambo ya leseni, maelezo, matoleo na mengine yote nitakayoyasema yanatumikia hapo tu, kwa hiyo ukiona kitu hakikusogezi kwenye siku hiyo kiache kwanza.

Sasa kabla hujabonyeza chochote, kaa uikague hiyo folda. Nina uhakika ndani yake kuna faili la SQLite lenye majina ya wafugaji, namba zao za simu, na nani analeta lita ngapi na analipwa shilingi ngapi. Hilo halitoki nje hata kidogo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, yule mama alimpa karani namba yake ili alipwe hela ya maziwa, hakuitoa ili isomwe na dunia nzima. Mahali pake tengeneza databesi ya mfano: Mfugaji A, Mfugaji B, namba za simu za sifuri tupu, lita za kubuni za wiki mbili hivi. Na usiifanye safi sana. Weka humo mtu aliyerekodiwa mara mbili asubuhi moja, weka aliyerudishiwa maziwa kwa sababu laktomita ilionyesha yana maji, weka aliyechukua advansi akabakiwa na deni. Mtu akiifungua mara ya kwanza aone mfumo unavyohimili mambo ya kituo halisi, maana kila mfumo unapendeza ukiwa na data nzuri.

Cha pili ni paswedi na funguo. Kama unawatumia wafugaji meseji za malipo basi kuna ufunguo wa huduma ya meseji umeandikwa mahali humo, mara nyingi juu kabisa ya faili. Hapa vijana wengi wanadhani wakiufuta na kukomiti tena (yaani kuhifadhi mabadiliko kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi) yameisha. Hayajaisha, Git kazi yake ni kutunza historia, ndivyo ilivyo tangu Linus Torvalds aianzishe 2005, na mtu yeyote akiandika git log -p anauona ufunguo wako ukiwa umekaa vizuri kwenye komiti ya mwezi uliopita. Kwa hiyo kama uliwahi kuingia, nenda kwanza kwa wanaokupa hiyo huduma ubadilishe, ule wa zamani ufe, ndo uje kusafisha. Kusafisha unaweza kutumia git filter-repo, au, na kwa mradi wako hii ndo ningeifanya, unaanzisha ripo mpya (ripo ni folda ya mradi inayotunzwa na Git) kwenye folda safi na kukomiti upya mara moja. Kama nakujua vizuri historia yako imejaa komiti za "marekebisho", "marekebisho tena" na "sasa imekubali", hamna atakayezililia. Funguo zihamie kwenye faili la pembeni, faili hilo pamoja na databesi uyaandike ndani ya .gitignore ili yasipande tena kwa bahati mbaya, na uweke nakala tupu ya faili hilo kwa jina kama mfano.env ili mwingine ajue ajaze nini.

Haya, kuibiwa.

Kwanza nikuulize, huo mfumo ni wa nani? Kama ushirika ulikulipa uutengeneze, au ulikuwa projekti yako ya mwaka wa mwisho, au uliuandika ukiwa umeajiriwa, usijipe umiliki kichwani, kaa nao muandikishane karatasi ya nusu ukurasa inayosema wamekubali uwekwe wazi na kwa leseni gani, mwenyekiti na katibu wasaini, mhuri ugongwe. Fanya sasa hivi wakati mnapendana. Siku kuna mtu anautaka kwa hela mazungumzo yanakuwa mengine.

Ukishajua ni wako, ujue na hili: kuweka kodi mtandaoni bila leseni hakumaanishi umeigawa. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 programu ya kompyuta inalindwa kama kazi nyingine za kuandika, ni yako tangu ulipoiandika, na asiye na ruhusa yako haruhusiwi kuinakili wala kuibadilisha. Sasa ona matokeo yake, ripo isiyo na leseni mtu mwaminifu anaiogopa anapita, asiye mwaminifu anaichukua vilevile. Yaani umefukuza wale wale uliokuwa unawataka. Leseni ndiyo karatasi inayosema chukua, tumia, badilisha, gawa, kwa masharti haya.

Masharti ndo yanatofautiana, na hapo usijitie ujuzi wa kutunga yako. Kuna leseni chache zilizozoeleka, mawakili walishazipitia, chagua moja. MIT ni fupi kama meseji, inasema fanya utakalo ila acha jina langu na hii notisi. Kwa MIT kampuni inaweza kuuchukua mfumo wako, ikaufunga, ikauuza kwa vituo vya Iringa na Njombe, na isikurudishie hata mstari mmoja, na itakuwa haijakosea. GPL inasema ukiugawa au kuuuza, uwe ule ule au uliobadilishwa, unayempa mpe na kodi yake kwa masharti haya haya. GPL lakini ina mwanya: mtu akiubadilisha akauweka kwenye seva yake watu wakawa wanautumia kwa intaneti, hajamgawia mtu programu, kwa hiyo halazimiki kuonyesha kodi. Mwanya huo unazibwa na AGPL toleo la 3, iliyotoka 2007, yenyewe inasema hata wanaoutumia kupitia seva wana haki ya kupata kodi ya hilo toleo ulilolibadilisha.

Ushauri wangu kwako, kwa kuwa umesema wazi unaogopa kuibiwa, na kwa kuwa mfumo wa maziwa leo uko kwenye laptopu lakini kesho mtu lazima ataupeleka kwenye seva ili asimamie vituo ishirini kwa mpigo, chukua AGPL 3. Kuna watakaokuambia AGPL inakimbiza makampuni, na ni kweli baadhi hawaigusi kabisa. Lakini wewe unawatafuta makarani wa vituo vya maziwa, makampuni ya Marekani yana shida gani na laktomita yako. Ingekuwa umetengeneza kipande kidogo cha kusaidia madevelopa wengine, mathalani cha kugeuza tarakimu za hela kuwa maneno ya Kiswahili kwenye risiti, ningekuambia MIT bila kufikiria mara mbili.

Kitu kimoja wengi wetu tunakitamani ni kuandika "ruksa kwa wote isipokuwa biashara". Usiandike. Ukiandika hivyo sio opensosi tena kwa maana inayokubalika tangu shirika la Open Source Initiative waiweke 1998, maana hairuhusiwi kubagua aina ya matumizi. Na kiutendaji inakuletea balaa, kwani kituo cha maziwa chenyewe si kinafanya biashara? Torvalds mwenyewe alipoitoa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, 1991 leseni yake ya mwanzo ilikataza watu kuchukua hela, mwaka uliofuata akaiacha akahamia GPL, na hayo makampuni yaliyokuja kuijenga Linux ikafika ilipo yaliingia chini ya GPL. Hela yako wewe itatoka kwenye kufunga mfumo, kufundisha makarani, kutengeneza ripoti ambayo ushirika fulani unaitaka peke yake. Leseni hizi zote hazikuzuii kulipwa.

Basi, chukua maandishi kamili ya leseni, yaweke kwenye faili linaloitwa LICENSE, jina lako na mwaka viwepo pale juu ya kodi, umemaliza. Cheki tu na zile maktaba za Python (kodi za watu wengine) ulizotumia zina leseni gani zisigombane na yako, nyingi za Python ni MIT au BSD au Apache, hazina tatizo na AGPL 3.

Sasa tufike kwenye maelezo, na hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo miradi ya vijana wetu inafia. Faili la README ndilo mtu analiona kwanza akifungua ripo. README nyingi ninazoletewa nizipitie zinaanza hivi: "Mfumo wa kisasa wa kidijitali wa kuboresha mnyororo wa thamani wa sekta ya maziwa kwa kutumia teknolojia." Hiyo ni lugha ya andiko la kuombea ufadhili. Nimeisoma na sijajua inafanya nini. Jaribu hivi:

"Programu hii inarekodi lita za maziwa anazoleta kila mfugaji asubuhi na jioni, inapiga hesabu ya malipo yake baada ya kukata advansi, na inachapisha risiti. Inafanya kazi kwenye laptopu moja ya kituo, Windows au Linux, bila intaneti. Haijatengenezwa kwa ajili ya kiwanda wala kwa vituo vingi vinavyotumia databesi moja."

Mistari mitatu na mtu ameshajua kama inamfaa au aende zake. Usiruke ile sentensi ya mwisho. Kusema mfumo haufanyi nini kunakuokoa na simu nyingi kuliko kusema unafanya nini.

Chini ya hapo weka skrinshoti moja, ile ya ukurasa wa kupokelea maziwa, ikiwa na data ya mfano. Moja inatosha, na uipunguze ukubwa kwanza, watu wanafungua kwa bando. Alafu mahitaji: Python toleo gani hasa, na usiseme "Python mpya", sema kuanzia 3.10 kama ndiyo uliyojaribia. Maktaba zake ziandikwe kwenye requirements.txt zikiwa na namba za matoleo, maana ukiacha majina matupu leo inakubali na mwakani maktaba moja inabadilika mfumo unagoma na wewe hujagusa kitu. Sema pia ukubwa wa vitu vya kushusha kwa jumla. Najua Wazungu hawaandiki hivyo kwenye README zao lakini mtu wa Kiwira anayenunua bando la siku anataka kujua kama litatosha kabla hajaanza, na mi naona ni adabu tu.

Hatua za kufunga ziandike kama mtu anayemwambia mwenzake afanye nini, moja baada ya nyingine, na baada ya kila amri sema anatakiwa aone nini. "Andika hii, subiri, utaona maneno haya, kama unaona haya mengine soma chini." Wengi wanaandika amri tu, mtu anapata maandishi mekundu, hajui ni kosa au ni onyo tu, anafunga laptopu. Na kwa kituo cha maziwa mi ningeenda mbali zaidi, nisingemlazimisha karani kufunga Python kabisa. Tengeneza kifurushi kimoja cha Windows kwa PyInstaller, kiweke kwenye sehemu ya matoleo, anashusha faili moja, anabonyeza. Zile hatua za Python ziache kwa wanaotaka kuchokonoa kodi. Ila kifurushi hicho usikikomiti ndani ya ripo yenyewe, kinakuwa kizito, na GitHub, tovuti ya kuwekea ripo, inakataa faili linalozidi MB 100.

Unajuaje kama README imekaa sawa? Tafuta mtu, mdogo wako, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale MUST, yeyote ambaye hajawahi kuuona mfumo, na laptopu ambayo haijawahi kufungwa vitu vyako. Mpe README peke yake. Kaa nyuma yake na daftari na ufunge mdomo. Akikuuliza usijibu, andika alichouliza. Akibonyeza pasipo, usimwambie, andika alibonyeza wapi. Utaumia, mkono utakuwasha kabisa kuishika hiyo mausi, lakini vumilia, kwa sababu kila ulipotamani kuongea pana sentensi inayokosekana kwenye maelezo yako. Ukirekebisha, tafuta mtu mwingine, yule wa kwanza ameshaharibika, ameshajua.

Na karani wako naye ni mgodi ambao hujauchimba. Amekupigia simu mara ngapi tangu mwaka jana? Kaa naye mkumbushane maswali. Naweza kukisia baadhi: mfugaji kaleta lita saba na nusu, naandika 7.5 au 7,5? Nimekosea nimeandika 70 badala ya 7 na risiti imeshatoka, nafutaje? Mzee amefariki maziwa sasa analeta mwanae, nafungua namba mpya au naendelea na ile ile, na deni je? Umeme umekatika katikati ya kurekodi, nilichoandika kimeingia au hakijaingia? Hayo maswali na majibu yake, kwa maneno yake mwenyewe karani, ndo kitabu chako cha mwongozo. Usianze na "Sura ya Kwanza: Utangulizi wa Mfumo".

Hilo la umeme lijibu kwa uangalifu, wewe mwenyewe unaijua Tukuyu wakati wa masika. SQLite imetengenezwa kiasi kwamba kitu ama kimeingia chote ama hakijaingia kabisa, kwa hiyo uandike wazi: "Kama uliona neno IMEHIFADHIWA kabla umeme haujakatika, rekodi ipo. Kama hukuliona, ingiza tena." Alafu ujaribu kweli, chomoa betri uone, usiandike kwa imani. Na karibu na hapo uandike namna ya kuweka akiba, kwa sababu karani akiambiwa tu "nakili faili kwenye flashi" atalinakili wakati mfumo unaandika, na nakala inaweza kutoka mbovu asijue mpaka siku anayoihitaji. Ama mwambie afunge mfumo kwanza, ama, nzuri zaidi, weka kitufe cha akiba kinachotumia njia ya SQLite yenyewe ya kunakili databesi iliyo wazi, kwenye Python ipo tayari, inaitwa backup.

Sasa Kiswahili au Kiingereza. Mi naona watu wanalifanya kubwa. Angalia nani anasoma nini. Mwongozo wa karani ni Kiswahili, hapo hamna mjadala, na uutoe kwenye karatasi, kurasa mbili tatu zilaminishwe zibandikwe ukutani karibu na mzani, kwa sababu mtu mwenye mikono yenye maziwa hatafungua PDF. README anza na Kiswahili pia, wanaoweza kukusaidia kwa sasa ni vijana wa hapo Mbeya, Iringa na Njombe ambao wamekulia kwenye haya mambo na wanajua advansi ya maziwa ni nini, chini yake uweke aya moja ya Kiingereza inayosema mfumo ni nini na leseni yake ili mgeni asipotee. Kama siku moja watu wa mbali wakiupenda, mtu atatafsiri. Ndani ya kodi, majina ya vitu usichanganye, sio huku farmer kule mfugaji na kwingine mkulima, chagua moja tembea nayo. Mi nisingemlazimisha mtu kuandika litres mahali ambapo lita inaeleweka. Maneno yanayoonekana kwenye skrini yaweke kwenye faili lake peke yake, hata kama kwa sasa ni Kiswahili tu, ili kesho anayetaka lugha nyingine asikwangue kodi nzima.

Kuhusu watu kuchangia. Ukishaweka wazi usitegemee foleni, mara nyingi inakaa kimya miezi, ni kawaida, usivunjike moyo. Andika faili la CONTRIBUTING, fupi, lenye namna ya kuwasha mfumo kwa ajili ya kuuchokonoa, namna ya kuendesha testi, na aina ya mabadiliko unayoyataka na usiyoyataka. Fungua ishu (kasoro au kazi iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ripo) tatu nne ndogo kabisa, kitu kama "risiti haionyeshi jina la kituo", uziwekee lebo ya kazi za kuanzia, mwanafunzi akija awe na pa kushika. Akileta mabadiliko mjibu haraka hata kama hujayasoma, mwambie nimeona, nitaangalia Jumamosi. Na ujue hulazimiki kupokea kazi za watu. SQLite hiyo hiyo unayoitumia kodi yake iko wazi kwa yeyote duniani, ila wenyewe hawapokei kodi kutoka nje, na hakuna anayesema si opensosi. Ukiwa umebanwa sema umebanwa, iandike kwenye README.

Mahali pa kuwa mgumu ni kutoa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye ripo. Mfumo wako unashika hela za watu. Machi 2024 Andres Freund, injinia wa Microsoft, aligundua kuna mlango wa siri umepandikizwa kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux karibu zote, na alishtuka tu kwa sababu kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Aliyeupandikiza, anayetumia jina la Jia Tan, alikuwa amechangia kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili mpaka mwenye mradi aliyekuwa amechoka akampa funguo. Sikutishi, wewe si xz, ila pitia mwenyewe kila kinachoingia, hasa kinachogusa hesabu za malipo, na testi za hesabu hizo uziandike wewe: lita hizi, bei hii, advansi hii, jibu lazima liwe hili. Kwenye README weka pia barua pepe yako, ili mtu akiona tundu la usalama akuandikie pembeni kabla halijajulikana hadharani.

Matoleo ni kazi ndogo. Anza na 0.1.0, ukirekebisha bagi (kosa la programu) panda tarakimu ya mwisho, ukiongeza kitu panda ya katikati, ukibadilisha kitu kinachovunja cha zamani panda ya kwanza mara utakapokuwa umefika 1.0.0. Kila toleo liwe na tagi kwenye Git na mistari michache kwenye CHANGELOG kwa lugha ya mtumiaji, sio "marekebisho mbalimbali". Kwako kuna kimoja cha kuandika kwa herufi kubwa: toleo jipya likibadilisha muundo wa databesi, sema databesi ya zamani inahamaje, na programu yenyewe iweke akiba kabla haijahamisha. Kituo kikipoteza rekodi za miezi sita kwa sababu ya toleo lako jipya, hakuna leseni itakayokusaidia mbele ya wale kina mama.

Pa kuweka, GitHub ndipo wengi walipo, GitLab na Codeberg nazo ziko vizuri, chagua utakapopatikana kirahisi. Ukienda GitHub usishangae kupushi (kupandisha kodi) kwa paswedi kunakataa, waliiondoa Agosti 2021, tumia ufunguo wa SSH au tokeni, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, zile namba za dharura za kuingilia uzichapishe uziweke na vyeti vyako nyumbani, simu zinaibiwa. Ripo uiweke chini ya akaunti ya kikundi na mtu wa pili unayemwamini awe na umiliki, kwa sababu ukipata kazi Dodoma ukapotea, hivyo vituo vitatu bado vitakuwa vinapokea maziwa.

Tovuti huhitaji, README ikikaa vizuri ndiyo tovuti. Logo achana nayo. Jina ndo ulitafutie muda kidogo, lisiwe "Maziwa System" maana hutalipata hata ukilitafuta mwenyewe, lisiwe jina la kampuni iliyopo, na kabla ya kulipenda sana litafute GitHub na PyPI (ghala la maktaba za Python) uone kama kuna mtu ameshakaa nalo. Ukishalipata nitumie linki, nitaanzia kwenye README na sitakupigia simu.